Baiskeli Kwenye Mvua: Tuachiane Nafasi

Wanachuo wenzangu, kutoka Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Mvua ya masika ilitukuta tumeshapita Chalinze, bado tumefuatana tairi kwa tairi kukwepa upepo, kama siku ya jua. Wa mbele akafunga breki, wa pili akamgonga, wa tatu akala lami. Alichubuka goti tu, ila nyuma yetu lilikuwa linakuja lori. Hakuna aliyecheka.

Kosa letu lilikuwa nini? Raba za breki hubana ringi. Ringi ikilowa, raba hufuta maji kwanza ndipo ishike. Wakati huo baiskeli inazidi kwenda. Tena mvua inapoanza tu, maji huchanganyika na mafuta na vumbi la barabarani, lami inateleza balaa.

Basi mkisafiri kundi zima:

1. Achianeni nafasi ya baiskeli tatu au nne.
2. Gusa breki mapema, kidogo kidogo, ili kufuta maji kwenye ringi.
3. Kwepa mistari ya rangi na madimbwi; dimbwi huficha shimo. Wa mbele akiliona, apaze sauti.
4. Washeni taa za nyuma. Mvua ikificha barabara, tokeni kabisa lamini, msubiri.
5. Anayetetemeka ndiye apange mwendo. Vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki.

Sisi tuliingia Morogoro usiku, tumechelewa, lakini tumetimia. Kawia ufike, jamani.