NENO "URGENT": BARUA ISIYONGOJA

Ndugu msomaji, shika kalamu na daftari. Leo tunasoma neno moja tu, nalo ni la Kiingereza. Utauliza, mbona tunasoma Kiingereza na hali darasa letu ni la Kiswahili? Jibu analo mzee mmoja wa hapa Kasingirima.

Mzee huyu ni mvuvi. Alisoma kisomo akahitimu, na sasa anasoma gazeti bila kusaidiwa. Alikuwa na ngiri miaka mingi. Usiku mmoja, wenzake wakiwa ziwani wanavua dagaa, ngiri ile ilikwama. Tumbo likavimba, akaanza kutapika. Kulipokucha alikwenda zahanati. Mganga akampima, akaandika barua ya rufaa, akaitia ndani ya bahasha. Juu ya bahasha akaandika URGENT kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini yake. Akamwambia, "Mzee, peleka hii hospitali."

Mzee alifika hospitali saa tatu asubuhi. Akaisoma bahasha herufi kwa herufi, kama sisi waalimu tulivyomfundisha. Akapata "urugenti". Akafikiri ni jina la daktari! Basi akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, bahasha mfukoni, akimngoja Daktari Urugenti. Kila aliyepita na koti jeupe alidhani ndiye.

Saa nane mchana maumivu yakamzidi. Akamwuliza muuguzi, "Mwanangu, Daktari Urugenti anaingia zamu saa ngapi?"

"Babu, hapa hatuna daktari wa jina hilo. Hebu nione hiyo barua."

Alipoiona bahasha hakusema neno tena. Alikwenda kuleta machela.

Mzee alipasuliwa jioni ile ile. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kuoza, wakakikata. Ngiri ikikwama huunyonga utumbo, damu haipiti, na baada ya saa chache tu utumbo huanza kufa. Mzee amepona, na ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, liandike gazetini. Mimi nilijua kusoma, lakini neno lile sikulijua."

Sasa tulisome. Linaandikwa U-R-G-E-N-T. Kwa Kiswahili herufi hizo zingesomwa kama alivyosoma mzee, wala hakukosea kanuni yetu. Lakini Waingereza hawasemi kama wanavyoandika. Wao husema karibu na "aajent": ile U inageuka kuwa kama A ndefu, R haisikiki, na G inasomwa kama J yetu. Usilichanganye na neno AGENT, ambalo husomwa "eijent" na maana yake ni wakala. Vijana wa stendi humwita mkata tiketi "ajenti". Huyo ni AGENT. Hana uhusiano wowote na bahasha ya mzee wetu.

Maana yake ni nini? Watu wengi watajibu mara moja, "haraka". Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, na hapa naomba tukae kidogo.

Neno letu "haraka" asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mwendo au kujongea. Ndiyo maana tuna neno "harakati". Kwa hiyo haraka ni habari ya miguu na mikono ya mtu. Mtu anakula haraka, anatembea haraka. URGENT si habari ya miguu. Limetoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kusukuma au kusonga. Jambo lenyewe ndilo linalosukuma. Ukisema jambo ni URGENT unasema hivi: jambo hili likingojeshwa litaharibika.

Tazama tofauti hiyo inavyofanya kazi. Wazee wetu wanasema haraka haraka haina baraka. Ni kweli. Lakini methali hiyo inamsema mtu mwenye papara, haisemi juu ya ngiri iliyokwama. Mtu akipewa barua ya URGENT kisha akajibu kwa methali hiyo, amechanganya mambo mawili. Hapo methali inayofaa ni ile ya pili, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mzee wetu tumbo lilimwuma kweli kweli.

Katika sentensi, Kiingereza huweka neno hili mbele ya jina: URGENT LETTER. Sisi tunaanza na jina: barua ya haraka. Tena sisi tunabadili kiungo kufuata jina: jambo LA haraka, wito WA haraka, mambo YA haraka. Kwao halibadiliki, liwe jambo moja au mia. Hapo Kiingereza ni chepesi kuliko Kiswahili, tukubali tu. Ukiona URGENTLY, yaani limeongezwa LY mwishoni, hapo linaeleza tendo: kwa haraka, bila kukawia.

Kuna neno jingine ambalo ni jirani yake, nalo ni EMERGENCY. Mara nyingi utaliona limeandikwa kwenye mlango wa hospitali. Hilo ndilo "dharura" yetu, jambo la ghafla lenye hatari. Si kila jambo la URGENT ni dharura. Paa lako likivuja na mvua za masika zinakaribia, kuliezeka ni jambo la URGENT, lakini si dharura. Paa likimwangukia mtoto, hiyo ni dharura.

Mabaharia wamepanga daraja hizo vizuri kuliko sisi wa nchi kavu. Meli yenye redio ikiwa inazama au inaungua, nahodha huita "Mayday" mara tatu. Wito huo umetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya nisaidie. Lakini kama injini imezimika na chombo bado kinaelea salama, huita "pan-pan" mara tatu. Wito huo wa pili ndio wa URGENT: njooni, ila hatujaanza kufa.

Sisi wa Kigoma tuliona jinsi daraja moja linavyogeuka kuwa jingine. Mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana ufukweni Kagunga, kaskazini, mpakani. Barabara ya gari haikuwapo, njia ilikuwa ziwa. Maji safi na vyoo havikutosha. Mwanzoni lilikuwa jambo la haraka: watu wahamishwe. Kipindupindu kilipoingia ikawa dharura, maana ugonjwa ule unaweza kumwua mtu kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini. Meli ya Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta watu Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu kwa mabasi.

Jambo moja la mwisho. Siku hizi kila mtu anaandika URGENT. Kadi ya mchango wa harusi, URGENT. Tangazo la viatu, URGENT. Matapeli nao wanalipenda sana. Unapata ujumbe kwenye simu: ile hela itume kwenye namba hii, haraka. Wanataka usukumwe kabla hujafikiri. Kabla hujatuma hata shilingi, mpigie mwenyewe kwa namba yake unayoijua. Lakini kama neno limeandikwa na mganga juu ya bahasha yako, usiitie mfukoni. Ishike mkononi, upite foleni, mwonyeshe muuguzi wa kwanza utakayemwona.

ZOEZI

Andika majibu katika daftari lako.

1. Mzee alikuwa anamngoja nani hospitali?

2. Jaza kiungo: safari ___ haraka, wito ___ haraka, jambo ___ haraka.

3. Mtumbwi umeishiwa petroli karibu na Ujiji, ziwa limetulia. Je, hilo ni jambo la haraka au ni dharura? Na upepo mkali ukianza?

4. Chukua karatasi, uikunje kama bahasha. Andika juu yake neno URGENT bila kutazama gazeti. Kisha mwonyeshe mtu wa nyumbani kwako asiyelijua, umweleze maana yake.