Karume Yupi, Kenyatta Ipi?

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya uhariri, nilipitisha picha yenye maelezo haya chini yake: "Rais Abeid Amani Karume akizindua mradi wa maji." Picha ilikuwa ya rangi, na gari lililosimama nyuma lilikuwa la juzijuzi tu. Mzee Abeid aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Aliyekuwa pichani ni mwanawe, Amani Abeid Karume, aliyeiongoza Zanzibar kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Gazeti likatoka hivyo hivyo. Asubuhi yake mzee mmoja wa Unguja alipiga simu. Hakufoka. Aliniambia, "Mwanangu, tazama jina la kati. La kati ndilo la baba."

Nimeishi na neno lile. Kwa mwalimu wa historia, mwanafunzi wa tasnifu, au yeyote anayeandika habari za watu wetu, hapo ndipo pa kuanzia. Kwa Waswahili na kwa Watanzania wengi, jina la kwanza ni lako, la pili la baba, la tatu mara nyingi ni la babu au la ukoo. Abeid ni mwana wa Amani. Amani ni mwana wa Abeid. Ukiwaandika wote "A. A. Karume" umemnyima msomaji kitu pekee ambacho kingemsaidia. Kwa hiyo usifupishe jina la kati, hata kama nafasi ni finyu.

Kanuni hiyo hiyo itakuonyesha lini jina la mwisho si la kushikilia. Samia Suluhu Hassan ni binti wa Suluhu Hassan, na nyumbani tunasema Rais Samia. Vyombo vya nje vikiandika "Rais Hassan" vinamwita kwa jina la babu yake, na msomaji wa hapa anabaki akijiuliza ni nani huyo. Katika faharasa ya kitabu chako muweke kwenye S ya Samia, kisha ukipenda weka kielekezi kwenye H.

Jina la kati likishajulikana, ongeza cheo na miaka, vyote viwili pamoja. Cheo peke yake hakitoshi. Watu hudhani ukisema "Rais Mwinyi wa Zanzibar" umemaliza. Hujamaliza. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 hadi 1985, kabla ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi 1995; alifariki dunia tarehe 29 Februari 2024. Mwanawe, Hussein Ali Mwinyi, ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Wote wawili ni "Rais Mwinyi wa Zanzibar", kama Karume wote wawili walivyo "Rais Karume wa Zanzibar". Mwaka ndio unaowatenganisha, na ukikosekana sentensi nzima inayumba.

Mwinyi anafundisha jambo jingine. Kabla hujaunganisha watu wawili kwa jina, uliza kama jina hilo lilikuwa jina au lilikuwa heshima. Mwinyi katika pwani ni bwana, mwenye mahali. Mtawala wa Unguja aliyeitwa Mwinyi Mkuu alikuwa na makao yake Dunga. Neno lililoanza kama cheo linaweza kuangukia koo nyingi zisizojuana. Na huko Kongo utalikuta mwanzoni mwa jina: kocha Mwinyi Zahera aliyewahi kuifundisha Yanga ni Mkongomani, na kwake Mwinyi ni jina la kuitwa.

Ndiyo maana neno "ndugu wa" liandikwe mwisho kabisa, baada ya ushahidi. Njenga Karume, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kiambu aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya na kufariki mwaka 2012, alikuwa Mkikuyu; jina lake linafanana kwa herufi na la Mzee Karume wa Unguja, lakini lina nyumba yake. Kinyume chake pia hutokea. Raila Odinga na Oburu Oginga wamezaliwa na baba mmoja, Jaramogi Oginga Odinga, ila mmoja amejulikana kwa jina moja la baba na mwingine kwa jingine. Anayetafuta undugu kwa kulinganisha jina la mwisho tu angewatenganisha watoto wa nyumba moja, huku akiwafanya ndugu watu wasiohusiana.

Sasa mahali, ambapo kosa linaweza kumgharimu mtu zaidi ya aibu. Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, eneo la Upper Hill, na kuna hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, huko Kahawa, upande mwingine kabisa wa jiji. Mtu akipigiwa simu kwamba mgonjwa wake "amepelekwa Kenyatta", anaweza kupoteza saa nzima kwenye foleni ya magari akielekea kusiko. Halafu kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta chenyewe, na kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichopo Juja. Nakusihi: unapotoa taarifa ya hospitali, taja jina kamili na mtaa, hata ikirefuka. Ukipokea taarifa kama hiyo, usiondoke nyumbani kabla ya kuuliza, "Kenyatta ya wapi?"

Kwa mahali, kanuni yangu ni aina kwanza, mji baadaye, jina katikati. Uwanja wa Sokoine wa Mbeya. Hospitali ya Sokoine ya Lindi. Barabara ya Sokoine ya Arusha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro. Zote zinamkumbuka mtu mmoja, Edward Moringe Sokoine wa Monduli, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili na kufa kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Chuo kilianza kuitwa kwa jina lake mwaka huo huo. Ukiweza, andika na sababu hiyo. Msomaji akijua kwa nini jina lipo pale, hatapachanganya tena. Karume nayo hivyo hivyo: Dar es Salaam ni soko la mitumba la Ilala, lililoungua Januari 2022, na pia ni uwanja wa mpira, Musoma ni uwanja mwingine, Unguja ni uwanja wa ndege, na pia taasisi ya sayansi na teknolojia iliyopo Mbweni.

Angalia pia tarehe ya jina. Uwanja wa Benjamin Mkapa uliitwa Uwanja wa Taifa hadi mwaka 2020 Mzee Mkapa alipofariki, basi mechi ya 2015 haikuchezwa "kwa Mkapa". Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka Selous mwaka 2019. Andika jina la wakati ule, kisha useme linavyoitwa sasa.

Na yapo majina yanayogongana kwa bahati tu. Barabara ya Barack Obama ufukweni Dar es Salaam imebeba jina la rais aliyetutembelea mwaka 2013. Mji wa Obama ulioko Fukui, Japani, uliitwa hivyo muda mrefu kabla yake, kwa lugha nyingine. Wakazi wake walimshangilia mwaka 2008 kwa sababu tu ya kufanana.

Mimi huweka kadi moja kwa kila jina. Mstari wangu wa kwanza husomeka hivi: "Karume, Amani Abeid, mwana wa Abeid Amani, Rais wa Zanzibar 2000–2010, si Njenga." Chini yake huja mahali penye jina hilo, kila mahali pamoja na mji wake. Jina la baba lisipojulikana, pengo hulibakisha wazi na kuandika kwa penseli "ulizia", na namba ya mtu wa mji ule nitakayempigia kesho.