Mgongo Unauma? Soma Haya Kabla ya Kununua Godoro Bukavu

Mji wetu umejengwa kwa wenye magoti mazuri na migongo mizima. Kutoka soko la Kadutu mpaka nyumbani ni kupanda, kushuka, tope, tena kupanda. Kuna akina mama wanaobeba magunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na kuna karani aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Jioni wote wanashika kiuno. Halafu jirani anatoa shauri: "Badilisha matela!" Pengine amesema kweli. Ila dola zako zisitoke mfukoni kabla hujasoma haya.

1. Chunguza kwanza kama godoro ndilo lenye kosa

Maumivu yakianza alfajiri na kupungua ukishaoga na kutembea kidogo, godoro linashukiwa. Ukilala kwa dada yako Goma au Uvira ukaamka mzima, linashukiwa zaidi. Lakini kama mgongo unauma jioni baada ya mizigo, na usiku unakupa nafuu, godoro jipya halitakusaidia sana.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Tandika mkeka sakafuni, weka godoro lako la zamani juu yake, lala hapo siku chache. Ukipata nafuu, mwenye kosa ni kitanda. Vitanda vyetu vingi vimepigiwa mbao za mikaratusi zikiwa bado mbichi. Zikikauka zinajipinda, na katikati panabonyea. Kipande cha tripleksi juu ya mbao, au mbao mbili tatu za kuongeza, ni bei ndogo kuliko godoro lolote. Mwite seremala kabla ya kwenda dukani.

2. Gumu kupita kiasi si dawa

"Mama, hii njo ya mugongo, iko nguvu sawa mbao!" Utaisikia soko la Nyawera, utaisikia Kadutu. Madaktari nao walisema hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania: watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawiwa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wale wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi, kitandani na hata mchana.

Sababu yake ni rahisi. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinahitaji kuzama kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Godoro likikataa kabisa, bega linauma na kiuno kinaning'inia hewani. Likikubali mno, makalio yanazama na wewe unalala umepinda kama uko kwenye machela. Unachotafuta kiko katikati, na kinaelekea zaidi upande wa ugumu kuliko wa ulaini.

3. Neno "ortopediki" ni wino tu

Kiwanda chochote kinaweza kulichapisha kwenye kitambaa. Mimi nikiliona nalipita, naenda kuuliza maswali mawili: ndani kuna nini, na densite ni ngapi? Densite ni uzito wa sponji, kwa kilo, katika meta moja ya ujazo. Ndiyo inayokuambia godoro litadumu au litaingia shimo kabla ya mwaka kwisha. Sponji ya 15 au 18 ni ya mgeni wa siku mbili. Mtu mzima anayelala kila usiku atafute 25 au zaidi. Mwenye mwili mkubwa asogee mpaka 30.

Densite na ugumu ni vitu viwili tofauti. Kuna sponji nyepesi iliyotengenezwa iwe ngumu: ukiibonyeza dukani inakufurahisha, miezi michache baadaye imelegea.

4. Muuzaji hajui densite? Pima mwenyewe

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, maana hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kukishinda. Chukua urefu, upana na unene kwa meta, uzidishe. Kisha gawa uzito kwa jibu hilo.

Mfano: godoro la meta 1.90 kwa 1.20, unene sentimeta 15. Ujazo wake ni 0.342. Likiwa na kilo 5, densite haifiki hata 15: liache hapo hapo. Likiwa na kilo 9, unapata kama 26, na mazungumzo ya bei yanaweza kuanza. La watu wawili, 1.90 kwa 1.40 lenye unene wa sentimeta 20, lisipofika kilo 13, endelea kutembea.

Bukavu tumezoea kupima maharagwe kwa kopo, lakini godoro lipime kwa kilo. Mizani ya kupimia watu inatosha: mtu anapanda akiwa amelikumbatia godoro, kisha anapanda peke yake, unatoa tofauti. (Apande kijana wa dukani. Wewe mgongo unakuuma.)

Ila jihadhari na mtego mmoja. Fungua zipu, usiogope kuonekana mkorofi, uangalie sponji yenyewe. Ukiona vipande vya rangi rangi, buluu, njano, pinki, vimegandishwa pamoja kwa gundi na kushindiliwa, hayo ni makombo ya kiwandani. Mizani itakupa uzito mkubwa na muuzaji ataapa kwamba ndiyo ortopediki halisi. Godoro la makombo linadumu, sikatai, lakini kwa wengi ni gumu mno. Kama unalo tayari, weka juu yake tabaka la sponji nzuri la sentimeta tano, utalala vizuri.

5. Lala dukani bila aibu

Magodoro yamesimamishwa ukutani, yamefungwa plastiki, na muuzaji hataki kuyashusha. Mwombe ashushe. Vua viatu, lala kama unavyolala kwako, dakika kumi hivi, watu wacheke wakichoka wataacha. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita ovyo, godoro ni gumu mno kwako. Kisipopita kabisa, umezama. Kikipita kwa kusukuma kidogo, hapo sawa. Kisha geuka ubavu. Kama ni shida kugeuka, sponji imekumeza, na usiku utaamka kila unapotaka kujigeuza.

Piga goti katikati pia: goti likigusa ubao, unene hautoshi. Sentimeta kumi ni za mtoto. Mtu mzima ahesabu kuanzia 15.

Na unajua jinsi noti ya dola iliyochanika kidogo tu inavyokataliwa mjini hapa. Nawe kataa godoro lililochanika pembe, hata ukipunguziwa.

6. Mnaolala wawili, nendeni wawili

Papa ana kilo 90, mama ana kilo 55. Godoro laini litamtelezesha mama katikati usiku kucha, na asubuhi mgongo unaouma ni wake. Chagueni densite kwa kumfuata mzito, kisha mwepesi atandikiwe blanketi nene upande wake.

7. La okazyo? Mimi nasema hapana

Godoro lililotumika limeshachukua umbo la mgongo wa mtu mwingine, na pengine limebeba kunguni wake. Meza ya okazyo, sawa. Kabati, sawa.

8. Kulifikisha nyumbani

Liwe limevuka mpaka wa Ruzizi au limekuja kwa boti kutoka Goma, godoro la sponji mara nyingi limekunjwa na kufungwa kamba kwa muda mrefu. Lifungue siku hiyo hiyo, liache litandazike kabla ya kulilalia. La springi halikunjwi hata mara moja; motari wa pikipiki akikuambia "tutaikunja tu", tafuta gari. Na kati ya Septemba na Mei usitoke dukani bila kuangalia mawingu. Sponji iliyonyeshewa inachukua siku nyingi kukauka katikati, na harufu yake haitoki.

9. Toa hiyo plastiki

Najua, inalinda godoro lisichafuke, na wageni wanaona ni jipya. Lakini jasho linabaki ndani, unateleza, unalala vibaya. Toa, vika shuka nene. Karibu na ziwa, kwenye mwinuko wa meta 1,500 hivi, usiku wetu ni wa baridi na unyevu: godoro lililowekwa moja kwa moja juu ya simenti linaota ukungu chini bila wewe kujua. Linahitaji hewa chini yake. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, litoe nje lipate upepo, kivulini. Jua kali linaifanya sponji iwe ya njano na kumeguka. Kila baada ya miezi mitatu minne, upande wa kichwa uwe wa miguu.

10. Mto ni nusu ya kazi

Ukilala chali, weka mto mdogo chini ya magoti. Ukilala ubavu, weka kati ya magoti. Kuamka, usijiinue wima: geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Haya hayana bei, na wengine yanawatosha.

11. Yapo maumivu ambayo si ya duka

Zamani mwenye maumivu ya kiuno aliambiwa alale wiki nzima. Siku hizi wataalamu wanasema tembea, fanya kazi nyepesi, usigande kitandani. Lakini maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, inaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kikigunduliwa mapema. Mguu ukikosa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukakataa kutoka au ukajitokea wenyewe, usisubiri kesho na usipitie kwa mchua viungo. Nenda Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo au Hospitali ya Panzi siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na pesa ya godoro tumia huko kwanza.