Somo la Tisa: Upatanisho wa Kisarufi wa Nomino za Viumbe Hai

Malengo
Baada ya somo hili, mwalimu mtarajiwa aweze:
(a) kueleza jinsi uhai wa kinachotajwa unavyoathiri upatanisho wa kisarufi;
(b) kutambua chanzo cha makosa ya wanafunzi na kuyasahihisha kwa hoja.

A. Kifungu cha Kusoma: Ziara ya Ghuba ya Lutembe

Ghuba ya Lutembe iko katika ufuo wa Ziwa Viktoria nchini Uganda, kati ya Kampala na Entebbe. Mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971. Mafunjo yake huchuja matope na taka kabla maji hayajaingia ziwani.

Wanachuo walipanda mtumbwi asubuhi. Mpiga kasia aliwaomba wanyamaze. Mbele yao walikuwa wametua maelfu ya buabua wenye mabawa meupe, ndege wadogo wa jamii ya shakwe ambao huzaliana Ulaya ya Mashariki na Asia, kisha huja Afrika kwao kunapokuwa na baridi kali. Kando yao yangeyange mmoja alisimama kimya. Mdomo wake ulielekea majini. Vyura walinyamaza mtumbwi ulipokaribia.

Ghafla ndege moja ilipita angani ikielekea Entebbe. Ndege wote waliruka kwa pamoja, mabawa yao yakimeta juani. Ndege ilipotokomea mawinguni, ndege walirudi wakatua. Kidege kimoja tu kilichelewa, nacho kikatua pembeni.

Kabla hawajaondoka, mpiga kasia alisema kwamba watu wakiendelea kufukia mafunjo ili walime na kujenga, ndege watakosa pa kutua na samaki watakosa pa kuzalia.

B. Maelezo ya Kisarufi

1. Nomino ya kiumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Ndiyo maana tunasema vyura walinyamaza, wala si vyura vilinyamaza, ingawa chura/vyura lina umbo la KI-VI. Vivyo hivyo: kiboko anaoga, kipepeo ametua, samaki wanazaliana.

2. Neno ndege lina maana mbili, na upatanisho ndio unaozitenganisha. Linganisha:
Ndege mmoja mweupe alipita. (kiumbe)
Ndege moja nyeupe ilipita. (chombo cha usafiri)
Nomino yenyewe haikubadilika. Kivumishi na kitenzi ndivyo vinavyomwambia msomaji kilichopita ni nini.

3. Kiungo cha mwili hakirithi upatanisho wa mwenye nacho. Husemwa mdomo wake ulielekea na mabawa yao yakimeta. Mwanafunzi aliyekwisha kuikariri kanuni ya kwanza huweza kuandika mabawa ya ndege walimeta, kwa kuwa amepatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu nacho badala ya kiima chenyewe.

4. Nomino inapotiwa katika hali ya udogo au ukubwa, umbo hushinda uhai: kidege kilichelewa, videge vilichelewa, dege limetua, madege yametua.

C. Kidokezo kwa Mwalimu

Msemaji wa Kiganda akiandika ndege inaruka kwa maana ya kiumbe, hajakosa kwa uzembe. Katika lugha yake neno ennyonyi hutumika kwa kiumbe na kwa chombo cha usafiri, na pote husemwa ennyonyi ebuuka, wingi ennyonyi zibuuka. Anahamisha kanuni iliyo sahihi kwao hadi lugha ambayo kanuni hiyo haitawali. Kumwambia tu kwamba amekosea hakumsaidii. Mwonyeshe mahali lugha hizo mbili zinapoachana.

Mwonyeshe pia kinachopotea. Chukua mfano wa bango la kuhamasisha hifadhi lenye maneno haya: "Ndege zinapungua Lutembe. Tuzilinde." Mwandishi alikusudia kuwatetea viumbe, lakini msomaji wa Kiswahili sanifu atawaza uhaba wa safari za anga. Viambishi viwili vimetosha kuupotosha ujumbe wote. Mwanafunzi anayeliona hilo huacha kudhani kwamba upatanisho ni pambo la mtihani.

D. Mazoezi

1. Sahihisha sentensi zifuatazo, kisha eleza kanuni iliyokiukwa:
(a) Vipepeo vizuri vilitua juu ya mafunjo.
(b) Miguu ya yangeyange ni mrefu kuliko ya buabua.
(c) Kidege alianguka majini.

2. Andika upya bango lililotajwa katika sehemu ya C ili liwatetee viumbe waliokusudiwa.

3. Tunga aya moja ambamo neno ndege limetumika mara nne, mara mbili kwa kila maana, bila kutumia maneno kiumbe, chombo wala abiria. Mpe mwenzako aisome na aseme ni upatanisho upi uliomwongoza kila mara.

4. Chagua nomino tatu za wanyama katika lugha yako ya kwanza. Linganisha upatanisho wake na ule wa Kiswahili, kisha bashiri kosa ambalo wanafunzi wako wataelekea kulifanya.