Zizi la Juu, Maji ya Chini

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopwa. Mavi na mkojo wa ng'ombe vilivyorundikana zizini kwa wiki nyingi husombwa mara moja hadi kijitoni, na kijito huvipeleka kwa walio chini. Mito ya Ngezi na Nyamukau inapita ndani ya mji wa Bunia. Jamaa wengi hufua na kuoga humo, na bomba likikauka huteka hata ya kupikia. Mfugaji aliye juu hawaoni watu hao, lakini yeye ndiye anayewanywesha.

Ng'ombe mwenye afya anaweza kubeba tumboni vijidudu vinavyomharisha mtu damu. Mwezi Mei 2000, huko Walkerton, Kanada, mvua kubwa iliingiza mbolea ya ng'ombe katika kisima cha mji. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,000 waliugua. Klorini ilikuwapo, ila haikutosha.

Baba na mama wenye ng'ombe, zizi likae angalau mita 30 kutoka mtoni au kisimani. Kati yake na maji acheni majani marefu yasiyolishwa, yazuie uchafu. Samadi ikusanyeni kila siku katika shimo lililofunikwa, mbali na mkondo wa mvua. Mahindi na maharagwe yataishukuru. Ng'ombe wanywe kwenye birika, wasiingie mtoni.

Maziwa nayo msiyadharau kwa kuwa ni chakula. Yaliyoharibika yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa iliyomo majini, kuliko hata maji machafu ya chooni. Samaki hufa, maji hunuka. Maji ya kusuuzia bidoni za maziwa nayo mwageni shambani, si mtoni. Dawa ya kupe ndiyo mbaya zaidi: bomba la kupulizia lisioshwe mtoni hata mara moja.

Kwa mnaoteka chini, maji ya matope yaacheni yatulie, kisha yachujeni kwa kitambaa safi. Uchafu hula klorini kabla haijaua vijidudu, na viko vingine vya tumboni mwa ng'ombe ambavyo klorini haiviwezi kabisa. Moto unaviua. Maji yatokote vizuri dakika 1, yapoe katika chombo chenye kifuniko. Makala ni ghali, tunajua. Basi ya kunywa na ya mtoto yasikose kuchemshwa, hasa msimu wa mvua.

Mtoto akiharisha, endeleeni kumnyonyesha. Changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo. Akiharisha damu, akitapika kila kitu, au macho yakiingia ndani, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, naye aendelee kunywa njiani.