Kadi Mpya na Kadi Kuukuu: Suala la Kulinganisha Uwezo wa Kadi za Michoro kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika maandishi ya Kiswahili yanayohusu tarakilishi kuna sentensi ambayo kisarufi haina dosari, lakini kimaana ni tupu: 'Kadi hii mpya ni bora kuliko ile ya zamani.' Msomaji huachwa akijiuliza: bora kwa nini? Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ulinganishaji wa kadi za michoro za zamani na za kisasa hauwezi kueleweka pasipo kutenganisha dhana tatu ambazo aghalabu huchanganywa, yaani kasi, uwezo na ufanisi.

Kadi ya michoro ni sehemu ya tarakilishi inayokokotoa rangi ya kila nukta ionekanayo kwenye skrini. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Mchezo ukiendeshwa kwa fremu 60 kwa sekunde, picha hiyo nzima huchorwa upya mara 60 katika kila sekunde. Kazi hiyo hugawiwa viini vidogo vingi ambavyo hukokotoa kwa wakati mmoja.

Jina si kipimo

Mtego wa kwanza umo katika majina yenyewe. Mnamo 2001 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitoa GeForce3, kadi iliyowawezesha waandishi wa programu kutunga maagizo yao wenyewe ya kupaka rangi kila nukta. Mwaka uliofuata ikatoa GeForce4 MX. Aliyesoma nambari tu aliamini kwamba nne ni zaidi ya tatu. Hata hivyo, GeForce4 MX ilijengwa juu ya usanifu wa GeForce2, na haikuwa na uwezo huo mpya wa GeForce3. Michezo iliyotegemea maagizo hayo ama ilipunguza mapambo yake kwenye kadi hiyo ama ilikataa kabisa kufunguka. Hapa 'mpya' lilikuwa tamko la kalenda, wala halikuwa na uhusiano na uwezo.

Viini sawa, kadi tofauti

Mfano wenye manufaa zaidi kwa mchambuzi ni wa kadi mbili za kampuni hiyo hiyo: GeForce GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 na GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021. Kila moja ina viini 3,584. Endapo idadi ya viini ingetosha kuwa kipimo, kadi hizi zingelingana, na mjadala ungekomea hapo.

Tofauti zao huanza kujitokeza katika kumbukumbu. Ile ya zamani ina gigabaiti 11, ilhali mpya ina 12. Lakini njia ya kupitishia data ya ile ya zamani ni pana zaidi: hupitisha takriban gigabaiti 484 kwa sekunde, dhidi ya 360 za RTX 3060. Fauka ya hayo, GTX 1080 Ti ina vitengo 224 vya kuvika maumbo picha za nyuso zake, ilhali mwenzake ana 112. Si ajabu basi kwamba katika michezo mingi ya kawaida kadi kuukuu hutangulia kwa kiasi kidogo, ijapokuwa ilizaliwa takriban miaka minne kabla ya mpinzani wake.

Kwa upande wa umeme mambo hugeuka. GTX 1080 Ti imekadiriwa kutumia wati 250, na RTX 3060 wati 170. Kadi mpya hufanya kazi inayokaribiana na ya mtangulizi wake kwa umeme mchache zaidi. Huo ndio ufanisi, na haupaswi kuitwa kasi.

Tofauti kubwa kuliko zote hujitokeza katika ufuatiliaji wa miale, mbinu ya kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri na kuakisiwa. RTX 3060 ina saketi maalumu za kazi hiyo, za aina iliyoanza kuonekana katika kadi za GeForce mwaka 2018. GTX 1080 Ti haina. Mnamo Aprili 2019 NVIDIA iliiruhusu ijaribu kwa kutumia viini vyake vya kawaida, lakini ikazorota mno. Mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotolewa Desemba 2024, huhitaji saketi hizo. Mwenye GTX 1080 Ti haulizi utaenda kwa fremu ngapi, kwa sababu hauendi. Suala limetoka kwenye kasi na kuingia kwenye uwezo.

Wastani nao una hila zake. RTX 4060 ya mwaka 2023 huishinda RTX 3060 kwa kasi katika michezo mingi, lakini kumbukumbu yake ni gigabaiti 8 tu. Data ya mchezo ikizidi kiwango hicho, kadi hulazimika kuifuata katika kumbukumbu kuu ya tarakilishi kupitia njia ya polepole zaidi, na picha hukwama kwamakwama. Jedwali linaloonyesha wastani pekee huficha mikwamo hiyo.

Lugha ya ulinganishaji

Kiswahili kina nyenzo za kushughulikia tatizo hili. Kitenzi 'kuzidi' hukaribisha kijalizo cha 'kwa': kadi moja huizidi nyingine kwa kasi, ikazidiwa kwa ufanisi. Muundo wa 'bora kuliko' hauna dai hilo, na pengine ndiyo sababu wauza bidhaa huupenda. Neno la kuepukwa zaidi ni 'nguvu'. 'Kadi yenye nguvu' yaweza kuwa inayokokotoa mengi au inayokula umeme mwingi, na kama ilivyodhihirika, sifa hizo mbili haziandamani kila mara. Mfasiri aandike 'umeme' anapokusudia wati, na 'kasi' anapokusudia fremu.

Lipo pia jambo lisilohusu chuma wala saketi, nalo humgusa hasa mwanafunzi anayenunua tarakilishi ya mtumba. Kadi huhitaji programu endeshi, na programu hiyo huhitaji mtengenezaji anayeendelea kuiboresha. Mwaka 2025 NVIDIA ilitoa toleo la mwisho la maboresho ya michezo kwa kadi za kizazi cha GTX 1080 Ti, ikiahidi marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. Kadi hiyo haikupungukiwa na kiini hata kimoja siku hiyo, na katika michezo iliyokuwapo kasi yake ni ile ile. Bei ambayo muuzaji anaitaja kwa kuitazama kasi hiyo pekee haijahesabu michezo itakayokuja.