Ukoko Mweupe wa Maji ya Kisima

Swali: Ukoko mweupe unaojaa ndani ya birika la umeme na kuziba shawa katika nyumba zinazotumia maji ya kisima hutokana na nini, na huondolewaje?

Jibu: Chanzo ni maji magumu, yaani maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mwamba. Sehemu kubwa ya Unguja na kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni kalsiamu kabonati, ndiyo maana visima vingi vya huko hutoa maji haya. Yakipashwa moto, kabonati hiyo hurudi kuwa jiwe juu ya koili. Hapo ndipo penye hasara kubwa: ukoko huzuia joto lisifike kwenye maji, umeme hupotea bure, na koili hupata moto kupita kiasi hadi kuungua.

Dawa yake ni asidi nyepesi. Siki na maji, nusu kwa nusu, huchemshwa ndani ya birika na kuachwa saa moja, kisha birika husuuzwa vizuri. Kichwa cha shawa hulowekwa saa chache. Siki isimwagike kwenye sakafu ya terazo, kwani chembe zake za marumaru ni kabonati vilevile na zitalika. Kamwe isichanganywe na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu.

Kwa birika na kwa kufulia kwa sabuni ya mche, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo bora, kwa kuwa karibu hayana kalsiamu.